Elisi ipi inafaa boti ya kikundi?



Katika toleo hili hatuanzi na mashamba wala mipaka ya ardhi, ingawa ndiyo mambo yanayoleta maswali mengi kutoka kwenu. Tutazungumza juu ya kipande kidogo cha chuma chenye mabawa matatu, kinachozunguka chini ya maji nyuma ya boti, mahali ambapo hakuna anayekiona. Mafundi wa upande wetu huita kipande hicho elisi. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, utasikia propela, na ukifungua kamusi ya Kiswahili utakuta neno rafadha. Ni kitu kimoja.

Kwa nini gazeti la amani lizungumze juu ya elisi? Nitaeleza kwa kisa nilichokiona mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia kusuluhisha ugomvi katika kikundi kimoja cha boti, upande wa Fizi. Kijiji sikitaji. Katika kikundi hicho kulikuwa na familia zilizorudi kutoka kambi za Tanzania, kati ya wale walioanza kuvushwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwezi wa Oktoba 2005. Kulikuwa pia na familia ambazo hazikuvuka ziwa wakati wote wa vita, na nyingine zilizoshuka kutoka milimani. Boti ilikuwa ya wote. Nahodha alikuwa kijana wa waliorudi. Mtunza hazina alikuwa mama wa wenyeji, mtu makini sana, aliyeandika kila kitu katika daftari.

Daftari hilo ndilo lililoleta maneno. Boti ya jirani yenye moteri kama hiyo hiyo, ya nguvu za farasi 25, ilitumia bidoni moja ya lita 20 kwenda sokoni na kurudi. Boti ya kikundi ilikula lita 27, na bado ilifika ikiwa imechelewa. Wiki baada ya wiki, lita 7 zinapotea. Zinakwenda wapi? Watu walikwisha kupata jibu: kijana anauza esanse ng'ambo. Kutoka hapo maneno yakapanda: "hao waliotoka kambini ndivyo walivyo." Wengine nao wakajibu kwamba wenyeji hawakutaka tangu mwanzo boti iendeshwe na mtoto wa mkimbizi. Kwa mwezi mzima boti ilikaa imefungwa pwani.

Tulikaa siku mbili tukisikiliza pande zote. Siku ya tatu mzee mmoja, fundi wa moteri, aliinamisha moteri, akafuta tope kwenye elisi kwa kidole gumba, akasoma namba. Akacheka. Akasema, "Elisi hii ni ya boti ya mbio. Ninyi mnabeba mihogo."

Namba mbili za kusoma

Elisi karibu zote huandikwa namba mbili, ama kwenye bawa, ama kwenye kitovu kinachoshika mabawa. Kwa mfano 10 x 13. Namba hizo ni inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mabawa elisi inapozunguka. Ya pili ndiyo inayosumbua watu, nayo huitwa hatua.

Hatua ni nini? Fikiria skrubu unapoizungusha katika mbao. Ukiizungusha mara moja kamili, inaingia kiasi fulani. Kama elisi ingezunguka katika kitu kigumu kama mbao, ingesonga mbele inchi 13 kwa mzunguko mmoja ikiwa hatua yake ni 13, na inchi 9 ikiwa hatua ni 9. Hatua kubwa ni kama mtu anayetupa miguu mbali, hatua ndogo ni kama mama anayepanda mlima na kuni mgongoni: anakanyaga karibu karibu, lakini anafika.

Au tuseme ni kama gia za gari. Dereva anayepanda barabara ya milima kutoka Uvira kwenda Bukavu na lori lililojaa hawezi kutia gia ya nne. Akitia, injini inalia, inatetemeka na kuzima. Boti ndogo haina gia za kubadilisha njiani. Ina mbele, katikati na nyuma tu. Kwa hiyo unapochagua elisi, unachagua gia moja ambayo boti itatumia mwaka mzima. Hapo ndipo makosa yanapoingia. Mnunuzi husikia kwamba hatua kubwa inaenda mbio, naye anataka mbio.

Lakini maji si mbao. Elisi huteleza ndani yake. Tufanye hesabu kidogo. Moteri inazunguka mara 5000 kwa dakika, na gia iliyo chini huigawa kwa 2, basi elisi inazunguka mara 2500. Hatua ya inchi 9 ni karibu sentimita 23. Ukizidisha, ni mita 575 kwa dakika, yaani kama kilomita 34 kwa saa. Hakuna boti ya mbao iliyojaa watu na magunia itakayokwenda hivyo kwa moteri ya 25. Itakwenda 12, labda 14. Kiasi kinachobaki ni kuteleza. Boti nyepesi huteleza kidogo, boti nzito huteleza sana.

Tena kuna mpaka ambao elisi haiwezi kuuvuka. Boti nzito inayokata maji, isiyoinuka kukimbia juu yake, ina mwendo wake wa mwisho unaotegemea urefu. Chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita. Tafuta kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata urefu huo, kisha zidisha kwa 4.5. Boti ya mita 9: kipeuo ni 3, mara 4.5 ni 13.5. Boti hiyo itakwenda karibu kilomita 13 na nusu kwa saa. Ukitaka kuilazimisha zaidi, inainua pua, inazamisha mkia, inachimba shimo katika maji na kuvuta wimbi kubwa nyuma yake, na petroli inamalizika bila faida. Mitumbwi myembamba sana hupita kidogo mpaka huo. Boti pana za mizigo hazipiti.

Basi mtu anayenunua elisi ya hatua 13 kwa boti ya namna hiyo amelipia mwendo ambao boti haitaufikia kamwe.

Moteri inapochoka bila kusema

Kila moteri ina kiasi cha mizunguko ambacho watengenezaji wanataka ifikie ikifunguliwa mpaka mwisho. Kiasi hicho kimeandikwa katika kitabu chake. Kwa moteri nyingi ndogo za mipigo miwili zinazotumika kwetu ni kati ya mizunguko 4500 na 5500 kwa dakika. Za mipigo minne mara nyingi ni kati ya 5000 na 6000. Msifuate namba zangu, someni kitabu cha moteri yenu.

Elisi inayofaa ni ile inayoiachia moteri kufika ndani ya kiasi hicho boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Ningeweza kuishia hapa, kwa maana ndiyo kanuni yote. Lakini tazameni vizuri maneno "mzigo wake wa kawaida." Watu hujaribu elisi mpya wakiwa wanne katika boti tupu, asubuhi, ziwa limetulia kama maziwa katika kibuyu. Boti inaruka. Wanapiga makofi, wanalipa. Siku ya soko watu 20 wanapanda na magunia 15, na moteri inakuwa punda aliyebebeshwa nyumba.

Hatua ikiwa kubwa mno, moteri haipandi. Unafungua mpini mpaka mwisho, lakini sauti inabaki nzito na ya chini. Ishara moja nzuri ni hii: ukitoka robo tatu ya mpini kwenda mwisho na sauti isibadilike, elisi imeishinda moteri. Petroli inaendelea kuingia nyingi, nayo haiungui vizuri. Buji zinakuwa nyeusi na zenye mafuta. Masizi yanajaa ndani, pistoni inapata joto kali, na siku moja inakwama. Kwa moteri ya mipigo miwili hayo si maneno ya kutisha watoto. Hivyo ndivyo nyingi zinavyokufa, na fundi anaambiwa mafuta ya kuchanganya yalikuwa mabaya.

Hatua ikiwa ndogo mno, kinyume chake kinatokea. Moteri inapiga kelele nyembamba, inapita mizunguko iliyoruhusiwa, na boti haisongi kwa kiasi cha kelele. Hiyo pia inaharibu. Lakini kati ya makosa hayo mawili, kwa boti ya mizigo, la pili ni jepesi kwa sababu nahodha mwenye masikio anaweza kurudisha mpini kidogo. Kosa la kwanza hakuna mkono unaoweza kulirekebisha katikati ya ziwa.

Kwa kubadilisha, mafundi wana kipimo chao: ukipunguza hatua kwa inchi 1, moteri hupanda kama mizunguko 150 hadi 200. Ukiongeza inchi 1, inashuka kiasi hicho. Katika kikundi nilichowaeleza, fundi alipima kwa kifaa kidogo kinachogusishwa kwenye waya wa buji. Boti ikiwa na mzigo, moteri ilifika 3900 tu. Akasema tushuke inchi 4, kutoka 13 hadi 9. Tukaazima elisi ya 9 kwa jirani, na moteri ikafika karibu 4700.

Na kipenyo? Hapo hamna nafasi kubwa ya kuchagua, kwa sababu elisi lazima itoshe chini ya sahani ya moteri. Ikiwa muuzaji ana elisi mbili zinazoingia katika moteri yenu, moja yenye kipenyo kikubwa na hatua ndogo, nyingine yenye kipenyo kidogo na hatua kubwa, ya kwanza ndiyo ya mizigo. Inashika maji mengi na kuyasukuma polepole. Mabawa manne nayo hushika maji vizuri kuliko matatu mzigo unapokuwa mzito, lakini kwa moteri ndogo ni shida kuyapata. Matatu yanatosha.

Kama namba zimefutika, na katika elisi za mtumba mara nyingi zimefutika, laza elisi mbili juu ya meza pamoja. Ile ambayo mabawa yake yamelala zaidi ina hatua ndogo. Ile ambayo yamesimama ina hatua kubwa. Kipenyo pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha ya bawa moja, kisha zidisha kwa 2.

Kivu si Tanganyika

Ndugu zetu wa Idjwi, Kalehe na Minova wasome sehemu hii mara mbili. Moteri inavuta hewa, na hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, moteri hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo moteri imekwisha kupoteza kama asilimia 7 au 8. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460. Hapo imepoteza kama asilimia 14 au 15. Moteri ya 25 inafanya kazi kama ya 21 na kidogo.

Elisi inayokuja ndani ya sanduku pamoja na moteri mpya huchaguliwa kwa boti nyepesi karibu na usawa wa bahari. Haikuchaguliwa kwa Kivu. Anayenunua moteri Dar es Salaam au Mombasa na kuipeleka Idjwi ajiandae kushuka inchi 1 au 2 ya hatua, kabla hata ya kuhesabu mzigo. Na elisi iliyofanya kazi vizuri Kalemie isisafirishwe Kivu kwa matumaini tu.

Jaribio mbele ya watu wote

Vikundi vingi havina kifaa cha kuhesabu mizunguko. Si lazima. Mnahitaji saa, bidoni ndogo yenye alama za lita, mifuko ya mchanga na subira.

Chagueni alama mbili pwani, kwa mfano mti mkubwa na paa la kanisa, umbali wa nusu kilomita au zaidi. Pakieni mifuko ya mchanga mpaka boti izame kama siku ya soko. Tunasema mchanga, si watu: siku ya majaribio si siku ya kujaza watoto ndani ya boti. Wanaokwenda ni wawili au watatu, kila mmoja amevaa jaketi la kuelea. Pitisheni boti kati ya alama hizo kwenda na kurudi, mpini ukiwa mwisho, mkaandike dakika na sekunde. Kwenda na kurudi ni lazima, maana upepo husaidia upande mmoja na kudanganya. Kisha badilisheni elisi na kurudia siku hiyo hiyo. Baada ya hapo endesheni kila elisi nusu saa kwa mwendo wa kawaida wa safari na kupima petroli iliyopungua.

Elisi ya pili mtaipata wapi? Azimeni. Kabla ya kuazima au kununua hesabuni meno ya mhimili ambao elisi inaingia, kwa sababu elisi ya aina moja ya moteri haiingii katika nyingine. Hata katika aina moja, ya 15 si lazima iingie katika ya 40. Nendeni na elisi ya zamani mkononi mnapokwenda dukani. Mdomo peke yake hautoshi.

Kabla ya kugusa elisi, zimeni moteri na mwondoe waya za buji. Nimeona mtu aliyepoteza vidole viwili kwa sababu mtoto alivuta kamba ya moteri wakati baba yake anafungua nati. Na wakati wowote mtu akiwa majini karibu na boti, moteri izimwe kabisa. Kuitia katikati tu hakutoshi.

Tulifanya jaribio hilo hadharani, na hapa viongozi watusikilize. Fundi angeweza kubadilisha elisi jioni na kutuambia asubuhi kwamba mambo yamekwisha. Nani angemwamini? Mtunza hazina ndiye aliyeshika saa. Mzee wa wenyeji alisoma alama za bidoni, na mzee wa waliorudi akasoma baada yake. Kijana nahodha aliendesha tu. Kwa elisi ya 9, safari ya kwanza ya soko ilitumia lita 21. Mama mtunza hazina aliandika 21, akakaa kimya kidogo, kisha akamwita yule kijana kwa jina lake mbele ya watu na kumwomba radhi. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Nawaomba viongozi wa kambi, wa vijiji na wa makanisa: mkisikia neno "mwizi" katika kikundi chenye mashine, ulizeni kwanza mashine. Kinu kinachokula mazuti, pampu isiyotoa maji, boti inayomaliza petroli. Wezi wapo, sikatai. Lakini mashine haina kabila, na haitakasirika ikichunguzwa kwanza.

Mambo mengine yanayofanana na elisi mbaya

Siyo kila boti nzito ina elisi mbaya. Ndani ya kitovu cha elisi nyingi kuna mpira unaolinda gia elisi inapogonga jiwe. Mpira huo ukichakaa, moteri inapiga kelele na boti haiendi, hasa mkiongeza mwendo. Chukua rangi au kucha yenye ncha, chora mstari mmoja unaopita kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje. Endesha na mzigo. Ukirudi na kukuta mstari umekatika na vipande viwili havitazamani tena, mpira umeteleza. Katika moteri ndogo za zamani, badala ya mpira kuna pini laini inayokatika. Usiweke msumari mahali pake! Pini ilitengenezwa ikatike. Msumari haukatiki, na gia ndiyo itakayovunjika.

Moteri iliyofungwa juu mno pia hudanganya. Sahani iliyo juu ya elisi inatakiwa kuwa sawa na sehemu ya chini kabisa ya boti, au chini yake kidogo, kama sentimita 2 au 3. Ikiwa juu, elisi inavuta hewa, inazunguka bure kila wimbi linapopita. Moteri huuzwa zenye mguu mfupi, kama sentimita 38, na mguu mrefu, kama 51. Waliofunga mguu mfupi kwenye ubao mrefu wa nyuma wasinunue elisi nyingine. Wakate ubao.

Kisha kuna nyavu. Uzi wa nyavu ukijifunga nyuma ya elisi, unakata mpira unaozuia maji. Mafuta ya gia yakitoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ondoeni elisi mara moja kwa mwezi, mtoe nyuzi, mpake grisi kwenye mhimili, na mrudishe kila pete mahali pake kwa mpangilio ule ule.

Juu ya chuma cha kutengenezea elisi, wapo wanaosifu elisi za chuma cha pua. Zinang'aa, na mwenye nayo hutembea kifua mbele. Ni imara kweli, lakini ikigonga jiwe, pigo linapanda hadi kwenye gia. Ya alumini inapinda au kuvunjika yenyewe, na ni rahisi kuinunua tena. Kwa mwambao wenye mawe kama wa Ubwari mimi ningechukua alumini, na ningekuwa na mbili. Bawa lililopinda kidogo linaweza kunyooshwa na fundi mwenye subira. Baada ya kunyoosha, laza elisi juu ya meza tambarare, pima kila ncha kutoka mezani. Zote tatu zilingane. Zisipolingana, boti itatetemeka, na mtetemeko huo utakula mhimili polepole.

Jambo ambalo elisi haliwezi

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangoja ndugu zao. Makumi ya watu walikufa. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, na watu wengi hawakuwa na njia nyingine ila ziwa. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Nalitaja hilo kwa sababu kuna hatari katika makala kama hii. Elisi nzuri ya mizigo inafanya moteri isilalamike. Moteri isipolalamika, wapakiaji huona nafasi bado ipo. Kusukuma ni kazi ya elisi. Kuelea ni kazi ya mbao na hewa iliyo kati ya maji na ukingo wa boti. Pigeni mstari wa rangi ubavuni, mahali ambapo maji hayaruhusiwi kupanda, siku boti ikiwa na mzigo mliokubaliana wote. Mstari ukizama, mtu au gunia linashuka. Nahodha apewe mamlaka ya kukataa kuondoka, na mamlaka hayo yaandikwe katika kanuni za kikundi, maana akiwa kijana na wanaopanda ni wazee, neno lake peke yake halitasimama. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu juu ya Tanganyika, mstari huo uwe chini zaidi.

Waliofukuzwa makwao hawachagui siku ya kusafiri. Tunalijua hilo. Ndiyo sababu boti ya kikundi iwe tayari kabla ya siku hiyo: elisi ya akiba chini ya kiti, imefungwa katika mfuko, pamoja na nati, pini mbili na ufunguo unaozifungua. Ufunguo usiofaa nati ni mzigo tu. Elisi isiyo na ufunguo nayo pia.

Kikundi kile cha Fizi hakikuitupa elisi ya 13. Hakuna aliyetaka kuinunua, basi ikawa ndiyo ya akiba. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari waliandika kwa kalamu nyekundu: ikifungwa elisi ya 13, boti ibebe nusu ya watu na nusu ya mizigo, na mpini usipite nusu. Chini yake wakaandika tarehe, lita 21, na majina ya watatu walioshika saa na bidoni.